Lori linakunywa maji, waranti wamekataa: nikomae nao, nifanye ovahoo huku huku, au nitupie injini ya mtumba?

MzigoWaKusini (Masasi)

Wakuu habari za mihangaiko. Nina kichwa cha semi nilichukua kipya kwa mkopo wa benki, kazi yake makaa ya mawe kutoka Mbinga kushuka bandari ya Mtwara, na korosho zikifunguka nakihamishia Tandahimba kusomba magunia kwenye maghala. Tatizo lake inakunywa maji. Asubuhi unajaza rejeta, ukifika Tunduru imeshuka, chini hakuna hata tone, oili safi haijachanganyika, moshi mweupe kidogo ukiwasha ikiwa baridi halafu unapotea, unaendelea hivyo hivyo mpaka siku inachemsha.

Mwanzo walibadilisha gasketi ya silinda hedi kwa waranti, nikashukuru. Ikarudi palepale. Wakabadilisha tena, ikarudi tena. Sasa hivi imechemsha na makaa mgongoni kabla sijafika Mangaka na jamaa wananiambia waranti haipo tena. Ukipiga leo sababu ni mafuta machafu, ukipiga kesho dereva amezidisha uzito, keshokutwa eti sevisi moja ilifanyika gereji ya mtaani. Hiyo sevisi kweli nilimwaga oili Masasi kwa sababu kilometa zilifika gari ikiwa huku na kituo chao kiko Dar, zaidi ya kilometa 500, ila oili na filta nilinunua kwao wao wenyewe, risiti ninayo.

Jina la kampuni sitaji, sitaki kesi juu ya kesi. Naomba mnilinganishie: nikomae na waranti, nifungue injini hapa Mtwara nifanye ovahoo kamili kwa hela yangu, au nitafute injini ya mtumba Dar niweke niendelee na kazi? Marejesho ya benki hayasubiri na msimu huo unakuja.

Fundi_Mikindani

Pole mkuu. Hiyo gari Euro ngapi, yaani daraja lake la usafi wa moshi? Ina EGR, ule mfumo wa kurudisha moshi wa ekzosi kwenye injini?

MzigoWaKusini (Masasi)

Euro 5, EGR ipo.

Chuma_Chakavu

Ndo maana. Mimi nasema kila siku humu, hizi gari za kompyuta tuwaachie wenye nchi zao. Mimi lori langu la Kichina, Howo, ni ile 371 ya zamani, injini ya WD615 yenye pampu ya kawaida, sensa hakuna, ikizingua fundi yeyote wa Nangurukuru anafungua chini ya mwembe jioni naondoka. Weka injini ya mtumba ya kienyeji hapo, futa EGR, futa kompyuta, sahau waranti. Waranti ni karatasi ya kukuuzia gari tu.

Fundi_Mikindani

@Chuma_Chakavu tulia kwanza mzee wangu, mwenzio gari yake ina mkopo.

@MzigoWaKusini nikwambie ninavyoona. Gasketi kuungua mara moja sawa, hutokea. Ikibadilishwa ikarudi na dalili zilezile, gasketi siyo mgonjwa, ni mahali ugonjwa ulipoonekana tu. Mimi ningeanzia EGR kula, kile kipoozeo cha moshi. Moshi wa moto wa ekzosi unapita ndani ya vibomba vyembamba, maji ya rejeta yanavizunguka. Kibomba kikipasuka maji yanaingia upande wa moshi, yanaungua au yanatoka kama mvuke, ndo maana chini huoni tone na oili inabaki safi. Na moshi nao unarudi kwenye maji unaongeza presha, mipira ya rejeta inakuwa migumu kama mti.

Hapa ndo mafundi wengi wanapigwa chenga, hata wa makampuni. Wanaweka ile dawa ya kupimia kwenye rejeta kuona kama kuna gesi, dawa inabadilika rangi, wanasema tayari, gasketi. Lakini dawa haijui gesi imetoka kwenye silinda au kwenye EGR kula, yote ni moshi wa injini. Wanafungua hedi, wanaweka gasketi mpya, kula mbovu inabaki palepale, gari inatoka inaonekana nzima kwa muda.

Kupima siyo kazi kubwa. Fungua bomba la EGR linaloingia kwenye menifodi, ingiza kidole. Masizi yakiwa makavu, meusi, yanapeperuka, hapo hakuna shida. Yakiwa mabichi yanayonata au yana ukoko mweupe, maji yanapita hapo. Kisha shusha kula yenyewe, ziba njia za maji upande mmoja, upande mwingine ingiza upepo wa kompresa, presha ndogo usije ukaipasua wewe, halafu izamishe kwenye pipa la maji ya MOTO. Wengi wanapima kwa maji ya baridi, ufa unakuwa umefunga wanakwambia nzima. Mapovu yakitoka kwenye mdomo wa moshi umemkamata mchawi.

Lakini usiishushe sasa hivi! Usiguse boliti hata moja mpaka umalizane na wenye waranti, ukifungua watasema wewe ndo umeharibu. Na usiendelee kuitembeza, maji yakijaa kwenye silinda siku utakayopiga stata konrodi inapinda.

Binti_wa_Mingoyo (Lindi)

Kaka pole sana, mimi nina Fuso mbili Lindi nasomba ufuta na korosho za chama cha ushirika cha RUNALI, na niliwahi kugombana na muuzaji kwa jambo la namna hii, la gia boksi. Naomba nikuulize, hayo majibu yao ya mafuta machafu sijui uzito, wamekuandikia au wanaongea tu kwenye simu?

MzigoWaKusini (Masasi)

Simu dada, na sauti za WhatsApp.

Binti_wa_Mingoyo (Lindi)

Basi bado hujakataliwa. Mtu wa kwenye simu anabadilisha sababu kila siku kwa kuwa hakuna kinachombana. Andika barua leo, eleza gari, namba ya chesesi, tarehe iliponunuliwa, kila mara ilivyoingia kwao na walichofanya, halafu waombe WAANDIKE sababu moja ya kukataa na waambatanishe vipimo walivyotumia kufikia hiyo sababu. Wakisema mafuta machafu, wakuonyeshe majibu ya maabara. Mtu hawezi kujua mafuta ni machafu kwa kuangalia gasketi. Na zile jobu kadi zote zidai, ni haki yako, zinaonyesha walifungua sehemu moja na kasoro ikarudi.

Hilo la uzito ndo rahisi kabisa. Una tiketi za mizani? Gari ya ekseli 7 mwisho wake ni tani 56 kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, na makaa yanapita mizani. Tiketi za safari zikionyesha hukuzidi, hoja yao imekufa hapohapo. Mimi madereva wangu tiketi za mizani na risiti za mashine (EFD) za mafuta wanazileta kwenye bahasha, asiyeleta hapewi posho, wananiita mchawi ila zimeniokoa.

Wakikaa kimya au wakija na blabla, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji, na mlaji kule siyo mama wa sokoni tu, ni mtu aliyenunua siyo kwa ajili ya kuuza tena. Watakuja na hoja kwamba hiyo ni gari ya biashara, usitishike, wewe huuzi malori, unabebea mizigo.

Tunduru_Hadi_Bandari

Mnamzungusha mwenzenu, barua sijui tume, mpaka wajibu korosho zimeisha na benki wameshampigia mnada. Dawa ni kuziba EGR. Kibati kimoja tu, kompyuta unaifuta kwa kijana mwenye laptop, siku moja kazi imeisha. Njia hii ya Songea nusu ya malori yamezibwa.

Fundi_Mikindani

Na hiyo nusu ikipeleka gari waranti inaambiwa nini? Programu ikishabadilishwa kompyuta inaonyesha. Sasa hivi wanatafuta sababu hawana, wewe unataka awapelekee sababu kwenye sahani. Tena kuziba njia ya moshi peke yake hakuzuii maji, kula imepasuka na maji bado yanazunguka mle ndani. Akiwa nje ya waranti tungebishana, japo hata hapo mimi naweka kula mpya.

Mtu_Wa_Mikopo

Kuhusu injini ya mtumba niseme kidogo maana nimefanya kazi upande huo. Gari ipo kwenye mkopo, kadi ina jina la benki pia. Namba ya injini imeandikwa kwenye usajili, ukiweka injini nyingine lazima ubadilishe taarifa TRA na gari ikaguliwe, na benki wakubali kwa maandishi. Ukiweka kimyakimya, siku trafiki amelinganisha namba au gari imepata ajali, bima nayo inapata mlango wa kutokea. Halafu injini ya mtumba haiji na historia, unaweza kununua tatizo la mwenzio wa Dubai.

Ila hapo kwenye benki kuna kitu watu hawafanyi. Nenda kaongee nao KABLA rejesho halijachelewa, na barua za waranti mkononi. Kupangiwa upya marejesho ukiwa na sababu inayoonekana ni tofauti na kuja baada ya kupigiwa simu za deni.

dogo_shangani

na bima kubwa je? si analipia kila mwaka

Mtu_Wa_Mikopo

Bima kubwa ni ajali, moto, wizi. Injini kufa yenyewe haimo.

Kusini_Ughaibuni

Nawasoma toka mbali, mimi naendesha malori Marekani na naomba niongezee kitu kwa sababu hiyo hadithi ya EGR huku ilitikisa watu. Navistar, wale wa malori ya International, walitaka kufikia masharti ya moshi ya 2010 kwa kutumia EGR peke yake bila ule mfumo wa kupuliza yurea kusafisha moshi ambao wenzao wote walichukua. Injini zao za MaxxForce 11 na 13 zikawa zinalalamikiwa kila kona, na kilio kikubwa cha wenye magari kilikuwa ndo hichohicho cha mleta uzi, unapeleka kwa waranti unabadilishiwa spea mbovu kwa spea ya aina ileile, unarudi barabarani unaharibikiwa tena. Mwaka 2012 kampuni yenyewe ikatangaza inaachana na njia hiyo. Wenye magari ya modeli za 2011 mpaka 2014 waliungana kwenye shauri moja na mwisho kampuni ilikubali kutoa dola milioni 135, bila kukiri kosa.

Sasa angalieni malipo yalivyopangwa. Asiyekuwa na ushahidi wa gharama aliweza kuchukua mpaka dola 2,500 kwa gari, au punguzo la mpaka dola 10,000 akinunua gari mpya kwao. Mwenye risiti na kumbukumbu za matengenezo aliweza kudai mpaka dola 15,000. Gari ni ileile na ubovu ni uleule. Kwa hiyo huyo dada wa bahasha anajua anachosema.

Na nyie mnaoletewa mtumba wa hizo modeli kutoka huku kwa bei ya kuvutia, muulizeni muuzaji injini gani imo kabla hamjatuma hela.

Fundi_Mikindani

Umenikumbusha jambo. Hilo la mafuta machafu, mkuu usilikimbie, ligeuze. Dizeli ya viwango vya huku kwetu imekuwa inaruhusiwa salfa mpaka 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), Euro 5 Ulaya imetengenezwa kwa dizeli ya 10 ppm. Salfa ikiungua na ikakutana na unyevu kwenye kipoozeo inatengeneza asidi, inatafuna chuma taratibu. Sasa aliyekuuzia gari anaishi Tanzania, anajua dizeli inayouzwa Tanzania, na alijua gari inaenda kusomba makaa Ruvuma. Kama gari haiwezi dizeli halali ya nchi hii, ilikuwaje akakuuzia?

Binti_wa_Mingoyo (Lindi)

Hapo umepiga msumari wenyewe fundi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimjulisha muuzaji kazi unayonunulia kitu na ukategemea ujuzi wake, kitu kinatakiwa kifae kwa hiyo kazi. Kaka kwenye proforma au barua pepe kuna mahali ulitaja makaa?

MzigoWaKusini (Masasi)

Ipo! Ofa yao wenyewe imeandikwa "kwa usafirishaji wa makaa ya mawe". Wao ndo walinipendekezea hii modeli, mimi nilienda kuulizia nyingine.

Binti_wa_Mingoyo (Lindi)

Toa kopi, orijino weka nyumbani, usibebe kwenye gari.

Chuma_Chakavu

Haya mmeongea vizuri, mimi sipingi mambo ya sheria. Lakini hesabu ya kusimama nayo ni hesabu. Lori likilala gereji mwezi mzima msimu wa korosho hela iliyopotea inakaribia ovahoo. Nani analipa hiyo?

Fundi_Mikindani

Ovahoo ya nini mzee? Laina zake nzima, pistoni nzima, oili safi. Hii ya kufungua injini nzima kwa sababu inakunywa maji ndo inayotajirisha mafundi. Ikithibitika ni kula, ni kula mpya na gasketi zake, wapime na hedi kama haijapinda kwa kule kuchemka, basi. Hata akilipa mwenyewe haifiki robo ya ovahoo.

Ningekuwa yeye ningefanya hivi: barua iende, humohumo aandike anaomba kipimo cha EGR kula kwa maji ya moto mbele yake au mbele ya fundi wake, anawapa siku 14. Wakikubali, sawa. Wakikataa au wakinyamaza, amlete mkaguzi asiyekuwa na upande, TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi, Mtwara wana karakana, afungue mbele yake, apige video mwanzo mwisho, kula mbovu aihifadhi asiitupe, anunue mpya arudi kazini, halafu adai hela akiwa barabarani. Kesi ya mkataba ina miaka 6 kwenye sheria ya ukomo, korosho zina miezi michache tu.

Tunduru_Hadi_Bandari

Hapo kwenye kudai huku gari inafanya kazi nimekuelewa. Nilidhani mnataka aipaki.

MzigoWaKusini (Masasi)

Wakuu nimerudi. Barua imeenda kwa barua pepe na nyingine kwa basi la Dar, nimesainishiwa. Majibu yamekuja haraka kuliko nilivyotegemea, sasa hivi ya mafuta hawayataji kabisa, wala uzito, wamebaki na ile sevisi ya Masasi tu. Kipimo cha kula wamekubali kufanya ila wanataka gari ifike Dar, kuivuta kwa gharama yangu. Gari iko Mangaka imesimama. Nikubali kuvuta au niwaambie watume fundi?

Binti_wa_Mingoyo (Lindi)

Watume fundi, kula inashuka popote penye kompresa na pipa. Wakikataa, waandike kwamba wamekataa, halafu mwite TEMESA. Na gharama ya kuvuta kutoka Mangaka mpaka Masasi ingiza kwenye madai, chukua risiti ya EFD siyo ya kitabu.

Fundi_Mikindani

Mimi wiki ijayo nina kazi Nanyumbu, wilaya hiyohiyo ya Mangaka, nicheki inboksi. Pipa la maji ya moto nitawasha mwenyewe, wewe leta kuni.