Mmisionari aliyepoa: apumzike magotini, au aendelee kushuhudia?

Mvuvi wa Watu: Bwana Yesu asifiwe. Naomba tujadili jambo linaloligawa kundi letu la uinjilisti. Mmisionari ambaye moyo wake umepoa, anayefungua Biblia pale tu anapoandaa somo na kuomba pale tu anapoitwa kufungua kikao, je, asimamishe huduma ya nje mpaka ahuishwe, au aendelee kuwatembelea watu kwa matumaini kwamba moto utamrudia huko huko? Mimi nasema asimame. Katika Luka 24:49 wanafunzi waliagizwa wakae mjini mpaka wavikwe uwezo utokao juu. Hawa tunaowatuma wakahesabu vichwa bila maombi wanatuletea ripoti, si matunda.

Mzee wa Kanisa: Naunga mkono. Wamoravian wa Herrnhut, kijiji cha Ujerumani, walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe hadi Agosti 1727, walipopatanishwa kwenye meza ya Bwana na kuanza zamu za maombi za usiku na mchana ambazo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732, mfinyanzi Leonhard Dober na seremala David Nitschmann walitumwa kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, kuwahubiria watumwa. Magoti yalitangulia, safari ikafuata.

Binti Sayuni: Ndugu Mvuvi, hoja ya Luka nitairudia, lakini hilo la kuhesabu vichwa silipitishi kimya kimya, maana mimi ni mmoja wa hao waandika ripoti. Fomu yetu ina safu nne: jina, mahali, ameokoka, amefuatiliwa. Nilimtembelea mama aliyefiwa na mume, nikashinda naye nikiosha vyombo na kupokea wageni, wala sikumsomea hata mstari mmoja kwa sababu hakuwa na moyo wa kusikiliza chochote. Jina lake niliandika, safu ya tatu nikaiacha wazi, na mratibu akanirudishia fomu akidai haijakamilika. Sasa niambie, kati yangu na aliyeibuni fomu hiyo, nani amepoa?

Mvuvi wa Watu: Dada, sikukutaja. Nilirusha jiwe gizani, na aliyepiga yalaa ndiye limempata.

Karani: Mtumishi, kauli hiyo haikujengi wewe wala yeye. Anayekaa na mfiwa kutwa nzima hana deni la kukuthibitishia kwamba aliomba alfajiri. Isitoshe, mmisionari Mwingereza William Carey alifika India mwaka 1793, na Krishna Pal, Mhindu wa kwanza aliyeongoka katika kazi yake, alibatizwa Desemba 1800. Angekuwa anajaza fomu ya huyu dada, safu ya tatu ingebaki wazi miaka saba, na sijui ni mratibu gani angemvumilia.

Mzee wa Kanisa: Carey hakuwa amepoa, kwa hiyo mfano huo hauingii. Halafu tusiidharau hesabu. Matendo 2:41 yanasema waliongezeka watu wapata elfu tatu, na bila shaka kuna mtu aliyekadiria.

Karani: Aliyekadiria hakumdai Petro idadi hiyo kabla ya kumpa nauli ya safari inayofuata, Mzee wangu.

Mpita Njia: Mnabishana kana kwamba uamsho hutokea mahali pasipo na kazi. Uamsho wa Afrika Mashariki una mizizi katika mkutano wa daktari mmisionari Joe Church na Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi pale Namirembe, Kampala, mwaka 1929, kisha ukashika moto Gahini, Rwanda, mahali penye hospitali, miongoni mwa watu wanaofanya kazi pamoja kila siku. Walitubu mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba, na baadhi ya wamisionari wa Kizungu wakawaomba radhi Waafrika kwa majivuno yao. Toba ya namna hiyo humhitaji mtu uliyemkosea awepo karibu. Mmisionari mkimtoa kazini na kumfungia chumbani, atatubu kwa nani ule ukali anaowafanyia wagonjwa na wahudumu wenzake?

Mvuvi wa Watu: Hapo umesema neno, ila Nsibambi alikuwa mtu wa maombi kabla ya hayo yote. Na bado sijajibiwa kuhusu yule anayehubiri asichokiamini tena.

Binti Sayuni: Huyo asihubiri, abebe maji, atembelee wagonjwa, asikilize, na aseme wazi kwa wenzake kwamba amekauka. Nani alisema huduma ya nje ni mimbari tu? Ninachoomba ni safu ya tatu ifutwe, na mahali pake paandikwe mtu huyu anaombewa nini.

Mzee wa Kanisa: Na wafadhili tutawaonyesha nini?

Karani: Sasa tumefika kwenye swali lenyewe. Mzee, anza wewe: katika kamati yenu, ni lini mara ya mwisho mlimuuliza mmisionari hali ya roho yake kabla ya kumuuliza idadi?

Mzee wa Kanisa: Huwa tunafungua kwa sala.

Karani: Sikuuliza hilo.