Mrejesho: ile ethi iliyogoma kushuka, shida ni udongo

Wakuu, niliuliza kwa nini ethi ya nyumba (ile rodi ya chuma ya kupeleka umeme unaovuja ardhini) inasoma omu 140 wakati rodi ni mpya na klampu ya kushika waya imebana vizuri; omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, zikiwa chache ndo bora. Fundi kaja kupima udongo wenyewe, kumbe juu yote ni changarawe, maji hayakai, na kinachobeba umeme ardhini ni yale maji yenye chumvichumvi katikati ya chembe za udongo, yakikosekana ndo basi tena. Kuna aliyeshauri rodi nene, hiyo haisaidii kivile, ukiongeza unene mara mbili unapata nafuu ya kama asilimia 10 tu, urefu ndo mpango mzima. Tukachimba shimo, tukaunga rodi na kugonga mpaka ikaingia kwenye udongo wa mfinyanzi, ule mweusi unaonatanata, ikasimama omu 18. Kumwaga chumvi shimoni nimekataa, mvua inaisomba halafu inakula chuma, shimo tumejaza bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, inavuta maji na kukaa nayo. Rodi ya pili ikihitajika itakaa mbali angalau urefu wa ile ya kwanza, zikibanana zinagombania udongo uleule. Nitapima tena kiangazi kikikolea, maana saa hizi udongo una unyevu kidogo na namba inapendeza.