Grafu za ukubwa tofauti katika mchoro mmoja wa Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora grafu)

Swali: Ndugu wataalamu, ninataka grafu ya mawimbi ichukue upana wote wa juu, na chini yake zikae grafu mbili, ya kushoto ikiwa na upana mara tatu ya ule wa kulia. plt.subplots(2, 2) hunipa vyumba vinne vinavyolingana. Nifanyeje?

Jibu la 1: Tumia gs = fig.add_gridspec(2, 2, width_ratios=[3, 1]), ambapo fig ni mchoro wako mzima. Baada ya hapo fig.add_subplot(gs[0, :]) itashika safu yote ya juu, kwa kuwa alama ya nukta mbili humaanisha safu wima zote, nazo gs[1, 0] na gs[1, 1] zitakaa chini; kumbuka kwamba hesabu huanzia sifuri.

Jibu la 2: Kwa maoni yangu plt.subplot_mosaic('AA;BC', width_ratios=[3, 1]) inasomeka kwa urahisi zaidi, kwani herufi zenyewe zinachora mpangilio (AA ni safu ya juu, BC ni ya chini), na kila grafu unaiita kwa herufi yake. Inahitaji toleo la 3.6 la Matplotlib au jipya zaidi.

Muulizaji: Nashukuru sana, imekubali, ila maandishi ya mhimili wa grafu ya juu yanaingiliana na kichwa cha grafu ya chini.

Jibu la 2: Ongeza layout='constrained' ndani ya mabano hayohayo.