Mrejesho: kuotesha kuvu wa mizizi ya misonobari maabara

Ndugu wataalamu, niliuliza kwa nini vipande vya uyoga wa Suillus na Russula (jenasi mbili za kuvu wanaoishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti), nilivyovitoa chini ya misonobari, vilikuwa vikifunikwa na ukungu wa Trichoderma kabla ya kuvu wenyewe kuchipua. Nawashukuru kwa dhati kwa majibu yenu.

Nilifuata ushauri wa kukata nyama ya ndani ya uyoga mchanga, pale kofia inapoungana na shina, siku ileile ya kuuchuma, na kuipanda kwenye agari ya Melin-Norkrans iliyorekebishwa (rojo ya virutubisho ya kuoteshea kuvu), yenye pH ya karibu 5.5. Streptomaisini, dawa ya kuua bakteria, niliiongeza agari ilipopoa hadi takriban nyuzijoto 50, kwa kuwa joto la kutakasia huiharibu. Lakini benomili, dawa ambayo huzuia aina nyingi za ukungu bila kuwadhuru sana kuvu wa jamii ya uyoga, ndiyo iliyoleta tofauti kubwa zaidi. Suillus sasa inakua gizani kwa nyuzijoto 25, polepole lakini safi, nami nimekwisha kuihamishia kwenye sahani mpya.

Russula haikuchipua hata kipande kimoja, ingawa nilipunguza glukosi kama mlivyoelekeza. Jenasi hiyo inajulikana kwa ugumu wa kuoteshwa pasipo mti wake, kwa hiyo anayeanza kazi hii na aanze na Suillus.