Tija itapandaje na lori la maembe lasimamishwa kila kaunti?

Mchuuzi_Mld:
Asalaam aleykum wakubwa kwa wadogo. Niko Malindi, nafanya biashara ya maembe na msimu ukiisha nanunua samaki pale ufuoni napeleka Nairobi, kwa hivyo si msomi wa uchumi, msinicheke. Nina binamu yangu yuko Australia na kila akipiga simu siku hizi ni habari za tija tu, ati kule nchi nzima yalia tija imelala, mpaka Agosti 2025 waziri wao wa fedha Jim Chalmers akaita watu Canberra siku 3, wenye makampuni, vyama vya wafanyakazi, wasomi, wakae waseme uchumi utiwe nguvu vipi. Kilichonivunja mbavu ni kuwa vyama vya wafanyakazi viliingia na hoja ya kazi siku nne kwa wiki. Siku nne! Ili tija ipande! Mimi natoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, nashinda Magarini kwenye mashamba, vijana wangu wanapakia mpaka usiku, na msimu ukiisha nikipiga hesabu naona afadhali ningelala. Kama tija ni kuhangaika basi Malindi tungekuwa tumeshawapita hao zamani. Hebu nielezeni taratibu, hii tija ni nini hasa, na wewe ukipewa serikali hapa kwetu ungebadilisha sheria gani kwanza? Nataka moja, msiniletee ruwaza ya 2030 yote.

Kijana_Maweni:
Siku nne? Kuna ofisi hapa mjini wanafanya siku mbili na tija bado haijapanda 😂

Hesabu_Kidogo:
Mchuuzi, swali zuri na binamu yako hajakosea. Tija ni kugawanya tu, unachukua thamani ya kilichotoka unagawa kwa saa za kazi zilizoingia. Sasa zile saa vijana wako wamekalia makreti wakingojea lori lililokwama mahali nazo zinahesabiwa, japo hakuna embe lililosogea. Unaweza kuamka alfajiri mwaka mzima na hiyo namba ikazidi kushuka. Wale wa siku nne si wazimu, Iceland walijaribu kati ya 2015 na 2019 kwa watumishi wa umma, wengi wakatolewa saa 40 kwa wiki wakashushwa 35 au 36, na kazi ikabaki palepale au ikaboreka kwa sababu walikata mikutano na mizunguko isiyo na maana. Lakini hiyo ni dawa ya ofisi. Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ajira ni jua kali na vibarua, huko hakuna mkutano wa kukata.

Chukua samaki. Nahodha ameshuka asubuhi na changu na kolekole, barafu hakuna, au iko kwa mtu mmoja tu na huyo mtu ndiye tajiri wake anayemnunulia samaki, basi ikifika adhuhuri anauza kwa bei anayotajiwa. Bahari ileile, nyavu zilezile, ila thamani imeshayeyuka kabla samaki hajafika mizanini. Mtambo wa barafu unaofanya kazi na stima isiyokatikakatika zinampandishia tija mvuvi bila yeye kuongeza hata dakika moja kule nje.

Umetaka sheria moja. Mimi ningeiba ile waliyofanya Australia 1995, na nashangaa huwa haitajwi sana. Kule ni nchi ya majimbo, kila jimbo lilikuwa na leseni zake, bodi zake za kuuza mazao, shirika lake la stima lisilotaka mshindani. Kamati ya profesa Fred Hilmer ikatoa ripoti 1993, halafu 1995 serikali kuu na majimbo wakakubaliana kila jimbo lipitie sheria zake zinazozuia ushindani moja baada ya nyingine, na sheria ibaki pale tu inapoonyeshwa kuwa faida yake kwa umma ni kubwa kuliko gharama yake. Anayetaka kizuizi kibaki ndiye atoe sababu, si yule anayetaka kiondoke, hapo ndipo walipogeuza mambo. Na utamu wenyewe ni kuwa jimbo likitekeleza linalipwa na serikali kuu, likizembea linakatwa, na walikatwa kweli si maneno. 2005 Tume ya Tija yao ikapiga hesabu ikaona mageuzi ya miaka ile yaliongeza pato la taifa kwa asilimia 2.5. Kwa mabadiliko ya makaratasi hiyo si pesa ndogo.

Sasa weka kaunti mahali pa majimbo uone.

Mkulima_Gongoni:
Hesabu umesema vizuri ila nacheka kidogo kusikia Australia ndio watufunze, manake hawa huku kwetu tumeshawaona. Nyinyi vijana hamkumbuki mradi wa makazi wa Magarini, mwishoni mwa miaka ya 70, pesa za Australia hizo. Walikuja na mabuldoza wakafyeka vichaka, wakakata vipande kwa rula, wakaleta kilimo cha nchi kame cha kitaalamu kwa sababu waliona Mgiriama anayehamisha shamba akaliacha lingine lipumzike ni mtu asiyejua kulima. Udongo ule mwepesi, mvua yenyewe ya kubahatisha, maji shida tangu mwanzo, na watu wakawatazama tu. Miaka ya 80 inaisha nao wakafunga virago. Si kwamba walikuwa wabaya, wengine walikuwa wastaarabu sana na kuna wazee hapa walipata kazi ya udereva kwao mpaka leo wanawasifu, lakini tija haikuja.

Linganisha na Vietnam. Walikuwa wananunua mchele nje, 1988 serikali ikatoa azimio kwamba shamba lirudi mikononi mwa familia, ulime mwenyewe uuze mwenyewe, na 1989 wakawa katika wauzaji wakubwa wa mchele duniani. Hakuna buldoza pale.

Kwa hivyo mimi sheria yangu ni ya ardhi. Huku Pwani tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 mtu amezaliwa juu ya shamba, amezika wazazi hapo, bado anaitwa skwota na mwenye hati hata sura hamjui. Mwembe mzuri wa kupandikiza unataka miaka na matunzo, nani atagharamika kwenye ardhi anayoweza kutolewa kesho? Ndio maana mwanunua ngowe, maembe ya kienyeji, kwenye miembe aliyopanda babu halafu mwatuuliza mbona mazao hayapandi.

Bi_Amu:
Nyinyi wa Malindi mwalia na lori, sisi Lamu lori lenyewe kufika na lami ni juzijuzi. Na mimi hapa nawasoma wanaume wote mwazungumza sheria mpya mpya, kwani za zamani zimetekelezwa? Niwape moja. 2017 ilipitishwa sheria ya dhamana ya mali inayohamishika, kwamba waweza kuweka rehani kitu kisichokuwa ardhi, ng'ombe, gari, mashine, hata mavuno. Mimi nafanya biashara ya kaa na kamba, nina boti ya faiba na mashini yake, karatasi zote ninazo. Nikaenda benki, jina silitaji, kijana akanisikiliza vizuri kabisa na tabasamu lake, akamaliza akaniuliza "na hati ya shamba mama?" Nimemwambia mwanangu mimi naishi kisiwani, shamba langu ni bahari. Akacheka. Mkopo sikupata.

Na mjue kwa nini hilo laumiza. Bandari ya hapa gati la kwanza limefunguliwa Mei 2021, mkondo umechimbwa, pale karibu walipokuwa wakivua watu wa mitumbwi na mashua za tanga hapavuliki kama zamani. Mahakama Kuu ya Malindi 2018 iliamua wavuvi walipwe fidia shilingi bilioni 1.76, na waliostahili walikuwa zaidi ya 4,600, haya gawanyeni wenyewe muone kila mmoja yamfika kiasi gani, boti ya maana na mashini ya kwenda bahari kuu huipati hapo. Sasa samaki wako mbali, chombo cha kufika huna, benki yataka hati. Hapo hata mngekuwa na sheria ya Australia yote.

Mchuuzi_Mld:
Bi Amu pole dada yangu, na mzee wa Gongoni nimekusikia, tena ukweli hizo ngowe za babu ndizo zinanilisha 😅. Lakini aliyenishika ni Hesabu na hadithi ya majimbo, manake hiyo ndio yangu kabisa. Nikitoa maembe hapa nalipa sesi, ile ada ya mazao ya kaunti yetu, sina neno, soko latumia barabara na taka zazolewa (mara nyingine). Ila nikishapita Mariakani nikaanza ile barabara kuu kuna kaunti mbili mbele, sitazitaja, wananisimamisha kwa kupita tu. Sijapakia kwao, sijauza kwao. Kijana ametoka kwa kibanda na kitabu cha risiti na ukibishana lori lapigwa kona likae juani, na maembe ni maembe, hayangojei wakili. Unalipa. Mpunguzo ninaoupata kwa mkulima ndio ninaompa yule wa kibanda, basi kumbe anayemlipa ni mkulima.

Msemakweli_Kilifi:
Msiwe wepesi. Kenya tumeshafanya mageuzi ya makaratasi mpaka tukasifiwa. Kwenye ile orodha ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara tulikuwa nambari 136 kwenye ripoti ya 2015, ripoti ya 2020 tukawa 56. Nani hapa aliona maembe yamepanda bei? Na 2021 benki yenyewe ikaifuta hiyo orodha kwa sababu ya takwimu kuchezewa. Ilikuwa inapima karatasi za Nairobi, kusajili kampuni na mambo hayo. Na hii ya sesi mwaiongelea kama wizi, mimi nina jamaa wafanya kazi kaunti, pesa za Nairobi zinachelewa miezi, mishahara ikikwama mwapiga kelele nyinyi nyinyi. Ukiondoa kibanda, pengo utaziba na nini? Halafu hao wauzaji waliopeleka bidhaa kaunti wakakaa miaka hawajalipwa mbona hamuwataji? Hapo ndipo biashara zinafia, mtu amekopa akapeleka dawa au simiti, serikali imenyamaza, riba yapanda.

Hesabu_Kidogo:
Msemakweli la madeni nakuunga mkono mia kwa mia, na hilo halihitaji sheria mpya wala safari ya Canberra, ni kulipa. Hata ningesema lije kabla ya langu.

Lakini la kibanda hebu tusome katiba. Kifungu cha 209, kaunti imepewa kodi ya ardhi na majengo na ya burudani, na inaweza kutoza ada kwa huduma inayotoa. Halafu 209(5) kinasema wazi kaunti isitumie nguvu zake za kutoza kwa namna inayodhuru shughuli za uchumi kuvuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa. Sasa kumpisha mtu barabarani ni huduma gani? Barabara kuu yenyewe ni ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo kizuizi alichotaja Mchuuzi kimeshakatazwa tangu 2010, kinaendelea kwa sababu hakuna anayepata hasara kwa kukiweka isipokuwa nyinyi wenye mali ya kuoza. Lori la simiti lingeweza kugoma.

Na hapo ndipo lilipo jibu la pengo uliloniuliza. Australia hawakuwahutubia majimbo kuhusu uzalendo, waliwalipa. Hapa kaunti zote kwa pamoja zina haki ya angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, juu ya hiyo serikali kuu ikatenga fungu la masharti: kaunti ikiondoa vizuizi vya kupitisha mizigo na ada mbilimbili inajazwa kile ilichopoteza na kitu cha juu kidogo, isipoondoa haipati. Mtu wa nje ahesabu, si kaunti yenyewe. Bi Amu naye awekwe kwenye karatasi hiyohiyo, benki zionyeshe mikopo mingapi zimetoa kwa dhamana isiyo ardhi. Mzee wa Gongoni la ardhi ni zito kuliko yote na sitakudanganya kuwa ruzuku italimaliza, hilo ni la kisiasa.

Bi_Amu:
Haya wacha hilo la benki mulitie, tena kwa maandishi makubwa.

Mkulima_Gongoni:
La kisiasa sawa. Miembe nayo haijui siasa, lakini tuendelee.

Mchuuzi_Mld:
Sasa Hesabu, hicho kifungu nikienda nacho kwa yule kijana wa kibanda atanielewa?

Hesabu_Kidogo:
Kwa kibanda usiende nacho, utalala hapo na maembe yako. Kila mwaka kaunti inapitisha mswada wake wa fedha ambao ndio unaandika hizo ada, na lazima uitishe maoni ya umma. Huwa wanakuja watu wachache na wengi wao wameletwa na basi. Tafuta wenzako wa maembe, wa nazi na wa samaki mpeleke barua moja, kule kwa zile kaunti mbili si hapa kwetu, na mwambatanishe risiti. Unazo za msimu uliopita?

Mchuuzi_Mld:
Ninazo gunia zima, dereva hazitupi. Nyingine hazina hata muhuri.

Hesabu_Kidogo:
Hizo zisizo na muhuri ndizo weka juu. Piga picha, ziba namba ya gari, nitumie kwa faragha leo usiku.