Marafiki wa imani wa miaka 40: tunawaenzi vipi wangali hai? Tupeane uzoefu

Mama Ngudu (mtoa mada)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna watu walianza pamoja UKWATA au TYCS (vyama vya wanafunzi Wakristo) au kwaya ya vijana, wakasimamiana ndoa, wakabatiziana watoto. Leo wamevuka miaka 60, mmoja yuko Sengerema, mwingine Nansio kisiwani Ukerewe, mwingine Magu, na wanaonana misibani tu. Visa tuviweke kando. Naomba utaratibu: kinafanyika nini, kwa kiasi gani, na huwa kinaharibika wapi.

Mwanakwaya Mstaafu
Shikamoo mama. Nianze na siku ya shukrani, maana wengi hukosea kwenye tarehe. Marafiki hawa mara nyingi ni mchanganyiko: Mkatoliki, mtu wa Africa Inland Church (AIC), Mlutheri, Msabato. Jumamosi Msabato hayupo, Jumapili wengine wote hawapo. Tumieni sikukuu ya kitaifa ya kiangazi, Saba Saba au Nane Nane, ila fungueni kalenda kwanza. Mwaka 2026 Saba Saba ni Jumanne, safi kabisa; Nane Nane imeangukia Jumamosi. Machi hadi Mei masika yanaharibu njia za vijijini. Desemba mvua bado zipo na kila mtu anawaza ada za Januari.

Mahali: mji wetu wa Mwanza ni wa vilima na mawe. Nyumba nzuri ya kilimani yenye ngazi 60 ni adhabu kwa mtu wa magoti. Tafuteni ukumbi wa chini wenye choo cha kukaa, viti vyenye mgongo na sehemu ya gari kufika mlangoni. Mkiweka turubai ufukweni, ibada ianze saa 3 asubuhi na kufungwa kabla ya saa 6, kwani mchana upepo wa ziwani huvuma kuja nchi kavu: turubai linapigapiga na kipaza sauti kinanguruma tu.

Sasa hotuba. Mtu akijisemea mwenyewe hamalizi. Mwezi mmoja kabla pigeni kura, kila mmoja apate jina la mwenzake, amsemee dakika 5. Watu 8 ni dakika 40. Mshika saa awe kijana asiyeogopa wazee, na huyo kumpata ndiyo kazi.

Meza ya Bwana msiiweke kwenye ibada ya mchanganyiko. Kila dhehebu lina taratibu zake, na atakayebaki kwenye kiti ataona ametengwa siku ya kuheshimiwa kwake. Somo, maombi na nyimbo vinatosha. Nyimbo wanazijua, lakini vitabu vya madhehebu havifanani maneno, kwa hiyo chapisheni beti zote kwa herufi za ukubwa wa 18.

Binti wa Mwaloni
Chakula niachieni mimi. Watu 20: sato 20 wa karibu nusu kilo kila mmoja, unga kilo 3, mchele kilo 3, mboga za majani, na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kusindikiza kinywaji. Kambale msimlete mezani, hana magamba na Msabato hamli. Sato na sangara wana magamba, hakuna ugomvi. Wasabato wengi hawanywi majani ya chai wala kahawa. Chemsheni mchaichai, wote watakunywa. Ikiwa ni Ijumaa ya Kwaresima, Mkatoliki hali nyama, na sato anawaokoa tena.

Nunueni asubuhi ileile. Jicho liwe angavu na limetuna, shavu jekundu, na ukiminya nyama irudi. Jicho likizama, mwachie muuzaji samaki wake.

Mhazini
Siku moja kwa mwaka ni sherehe. Urafiki wa wazee unahitaji mfuko. Watu 12, kila mmoja 5,000 kwa mwezi, ni 60,000; kwa mwaka 720,000. Andikeni karatasi moja tu: mgonjwa aliyelazwa anapata kiasi gani, msiba wa mwanachama kiasi gani, na nani hahesabiwi. Hapo pa nani hahesabiwi ndipo pa moto. Msipoandika, mwaka wa pili mtaombwa kwa ajili ya shangazi wa mkwe, na aliyekataa ataonekana hana upendo.

Namba ya siri ya akaunti isikae kichwani mwa mtu mmoja. Mhazini akipata kiharusi, mfuko unalala naye. Waidhinishaji wa kutoa hela wawe watatu, wawili wakikubali hela inatoka. Na asiyekuwa na kitu mwezi huo asisomwe kwa jina hadharani. Mwekahazina ampigie pembeni.

Nesi wa Zamu
Kwa rafiki aliyelazwa Bugando au hospitali yoyote: muda wa kuona wagonjwa ulizeni kabla ya kupanda kilima. Ingieni wawiliwawili. Ombi liwe fupi na la sauti ya chini, kitanda cha pili kuna mtu pia. Msimlishe kitu bila kuuliza nesi. Anayesubiri operesheni akinywa uji wenu wa upendo, operesheni inaahirishwa. Mwenye kisukari msimpelekee juisi ya boksi.

Anayesahaulika ni ndugu anayemuuguza. Mpokeeni usiku mmoja akalale na kuoga, hiyo inazidi matunda.

Katekista wa Kigango
Tumsifu Yesu Kristo. Kwa Wakatoliki, nia ya Misa huandikishwa ofisi ya parokia mapema, na jina liandikwe kamili, maana "kwa ajili ya Maria" wako wengi. Anaombewa aliye hai pia, si marehemu tu.

Ila napingana kidogo na mada. Kumuenzi rafiki hakuishii kaburini. Someni 2 Samweli 9: Yonathani amekwisha kufa, Daudi anauliza nani amebaki, anapatikana Mefiboshethi mwana wa Yonathani, anarudishiwa mashamba na kuketi mezani pa mfalme. Andikeni majina ya watoto wa kila rafiki na namba zao wazazi wangali hai. Ahadi za msibani msizitoe. Nendeni mwezi wa tatu baada ya mazishi, wageni wakishaondoka, muulize ada na mipaka ya shamba. Pia rafiki asiye mrithi anafaa kuwa shahidi wa wosia, kwa sababu hana anachopata.

Mama Ngudu
Asanteni. Na aliye mbali, asiyesikia vizuri kwenye simu?

Mwanakwaya Mstaafu
Sengerema sasa ni rahisi, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna kusubiri kivuko. Nansio bado ni maji, ulizeni ratiba siku moja kabla. Kati ya safari moja na nyingine mtumieni barua ya mkono, ukurasa mmoja, mjukuu amsomee sikioni. Tieni na picha ya zamani. Nyuma yake andikeni majina na mwaka kwa penseli. Kalamu ya wino huchora alama hadi upande wa sura.

Binti wa Mwaloni
Na dagaa wakavu, kilo mbili. Waelekezeni wauzaji wawafunge mara mbili, meli nzima isinuke.