Kidonda cha pua: apasuliwe Mombasa au nimlete huku?

Assalaam aleikum jamaa. Mdogo wangu wa Kisauni ana ualbino, anauza mboga Kongowea. Ana kidonda ubavuni mwa pua, mwaka wa pili sasa: kinakauka, kinabanduka, kinatoka damu. Kinyama kilikatwa kikapimwa, ni saratani ya ngozi. Tuchange nauli aje Uingereza?
Kaka yenu, Birmingham

Waaleikum salaam kaka, pole sana. Nami nina ualbino, na pua yangu ilipasuliwa hapa Leicester.

Nauli wacha kwanza. Mgeni wa viza ya matembezi hospitali za umma za huku, NHS, humtoza asilimia 150 ya gharama, tena hulipa kabla. Na viza ina foleni yake. Muulize mdogo wako maabara imeandika saratani ya aina gani. Ya basali hula palepale, ni nadra kusambaa. Ya skwamasi yaweza kuhamia tezi za shingo, nayo ndiyo inayotuandama sana sisi wenye ualbino. Ikiwa ndiyo hiyo, aende hospitali ya Makadara, hapo Mombasa, wiki hii, apapaswe shingo pia.

Mimi nilifanyiwa upasuaji uitwao Mohs. Ganzi usoni, macho wazi. Wanachonga utando mwembamba, wanautazama kwa hadubini nawe ungali unangoja, penye mabaki wanarudi kuchonga. Nilirudiwa mara 3. Pasipo Mohs hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima, milimita 4 au zaidi, kisha maabara hukagua kingo. Hapa kaka nakusihi: pua isijengwe kwa nyama ya kuzungushwa kabla kingo hazijathibitishwa safi. Shimo laweza kukaa na bendeji siku kadhaa. Likizibwa mapema, mabaki hujificha chini na kuyapata tena ni taabu.

Shimo dogo hushonwa tu, au hubandikwa ngozi ya nyuma ya sikio. Langu lilikuwa kubwa. Walishusha ngozi ya paji la uso ikiwa ingali na mshipa wake wa damu, ikaning'inia kati ya nyusi kama mkonga wiki 3, ndipo ikakatwa. Mama aliponiona kwenye simu alilia mpaka simu ikamponyoka. Mama yenu aambiwe mapema, aonyeshwe na picha.

Mafuta ya kukinga jua wenye ualbino hupewa bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kama hajajisajili, ajisajili.

Nipigie picha lile jibu la maabara, ufunike jina lake, tulisome pamoja leo usiku.
Dada yenu, Leicester